Mwacheni Babu Amalize Hadithi

Kwenye shule moja ya msingi hapa Ujiji, babu mstaafu wa bandarini alikuwa anawasimulia darasa la nne habari za Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Mzee huyu anajitolea, hadai hata nauli ya bodaboda. Kafika pale Wajerumani wanapoipaka mitambo grisi kabla ya kuizamisha meli yao wenyewe, mwaka 1916, ili isiliwe na kutu wakirudi kuichukua. Mtoto mmoja akauliza kama migebuka, samaki wa ziwani, waliingia vyumbani. Babu akajibu kuwa walilala daraja la kwanza bila tiketi mpaka Waingereza walipoiibua meli 1924. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akagonga meza: "Haya, kimya! Hadithi hii inatufundisha nini?"

Inatufundisha kupaka grisi, mwalimu!

Swali hili limenichosha. Mtoto akishalizoea hasikilizi tena, anawinda jibu. Tangu Sungura anapomkaribisha Fisi, yeye keshaandika "tusiwe na tamaa" na kufunga daftari. Kilichobaki ni kumvumilia mzee amalize. Na ndiyo maana wakiulizwa wasimulie wenyewe wanakupa fundisho tu, hadithi hawana. Sisi tuliitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Nani aliwahi kuitikia "fundisho njoo"? Mafunzo yalikuja yenyewe, mengine miaka mingi baadaye, tukiwa tumeshatapeliwa na Fisi wa mjini.

Sasa nasikia wapo wanaotaka wazee wajaze fomu: mada, malengo mahususi, tathmini. Bibi aliyezipokea ngano zake jikoni kule Kasulu, gizani, moshi ukimtoa machozi, leo aandike malengo mahususi! Na akichomekea Kiha anakatazwa, wakati hapo ndipo watoto wanapocheka zaidi.

Haya, najua: madarasa yamefurika na upimaji wa darasa la nne hausubiri ngano za mtu. Ila mwalimu ana wiki nzima ya kuuliza maswali. Babu ana kipindi kimoja.

Tena wapo wazee wasiojua kukatisha, sikatai. Wengine wakigusa Vita vya Kagera, kengele ya kwenda nyumbani inalia na daraja la Kyaka bado halijalipuliwa. Hao wapewe kipindi cha mwisho, na kesho yake waitwe tena.