Mjusi wa bluu wa Kimboza: kumfuga sawa, kumtoa porini hapana

Kuna mjusi mdogo sana, urefu wake na mkia wote haufiki hata sentimita 10, dume ni bluu kali na jike ana kijani kilichochanganyika na kahawia. Kisayansi anaitwa Lygodactylus williamsi, na dunia nzima yuko Morogoro tu, kwenye msitu wa Kimboza na vipande vichache vya jirani kama Ruvu, chini ya milima ya Uluguru upande wa mashariki. Kimboza yenyewe ni kama hekta 400, yaani haifiki hata mashamba ya matajiri wengine. Ila huyo mjusi utamkuta ndani ya matanki ya kioo Ujerumani, Uingereza mpaka Marekani. Swali la kama ni sawa kufuga mjusi au chura aliyekamatwa porini linabishaniwa sana huko, na sisi wenye mali tumekaa kimya, kwa hiyo naomba niseme langu.

Wanaotetea ufugaji wana hoja, tusiwapuuze. Wanasema anayefuga ndiye anayemjua mnyama, na kweli mambo mengi kuhusu utagaji na ukuaji wa huyu mjusi yamejulikana kwa kumuona kwenye tanki, tena anazaliana vizuri tu humo. Wanasema pia misitu yetu inamalizwa zaidi na moto, mbao na mashamba kuliko na wakamata mijusi, hapo nawapa haki yao, Kimboza imeteseka hata na sedrela, mti wa kigeni uliopandwa zamani ukasambaa ukabana miti ya asili. Halafu wanakuletea vyura wa Kihansi, wale wadogo waliokuwa wanaishi kwenye maporomoko ya mto Kihansi tu. Mwaka 2000 mitambo ya umeme ilipoanza kazi maji ya maporomoko yakapungua, yale manyunyu waliyokuwa wanayategemea yakakata, vyura 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa, na ilipofika 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena hata mmoja. Wa kwanza wakarudishwa nchini 2010. Bila matanki yale tusingekuwa na chura wa Kihansi kabisa, hilo halina ubishi.

Sasa mimi nasema Kihansi na Kimboza ni vitu viwili tofauti. Wale vyura walichukuliwa kwa hesabu, serikali inajua, na inajulikana wanapelekwa wapi na kwa nini. Mijusi wa Kimboza walitoka kwenye hifadhi ya msitu bila ruhusa yoyote, kwenye karatasi wakaandikwa jina la jamii nyingine ya mijusi ili wapite. Watafiti walipofuatilia walikuta kundi moja tu la wakamataji, kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, lilitoa mijusi kati ya 32,310 na 42,610. Kundi moja hilo!

Na namna wanavyokamatwa ndiyo inaniuma zaidi. Huyu mjusi anaishi kwenye mkadi, mti ambao majani yake marefu yana miiba pembeni, yamejipanga kwa mzunguko kule juu na maji ya mvua yanatuama kwenye makutano ya jani na shina, humo ndimo anajificha, anakunywa, anataga. Kwa mkono humfikii. Kwa hiyo watu walikuwa wanaukata mkadi mzima kwa panga, unaanguka, wanaokota mijusi waliomo. Unajikuta umechukua mjusi na nyumba yake umebomoa, hata wakibaki wengine msituni watahamia wapi?

Kwa vyura kuna la ziada, ugonjwa. Ile kuvu inayoshambulia ngozi ya chura mpaka anakufa imesambaa duniani kwa kusafirisha vyura hai, na hata Kihansi iligundulika.

Mwaka 2012 mjusi wetu akaingizwa kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na 2016 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ukamuweka orodha ya kwanza, yenye masharti makali kuliko zote, biashara ya wa porini ikafungwa. Mwaka huohuo serikali ikasimamisha kusafirisha wanyamapori hai wote nje. Na hapa ndipo upande wa pili unanigusa, maana zuio liliwakumba hata wafugaji wa vipepeo wa Amani kule Muheza, wanakijiji waliokuwa wanapanda miti ya chakula cha viwavi, wanakuza buu wenyewe na kuwauza kwenye maonyesho ya nje, watu ambao msitu ukiwa hai ndio wanakula. Mkata mikadi na mfuga vipepeo wamewekwa kapu moja, hiyo sio haki.

Msimamo wangu basi: wa porini aachwe, hata kama muuzaji anasema kachukua wawili tu, maana kila muuzaji anasema hivyo. Aliyezaliwa kwenye tanki mwenye karatasi halali, sina ugomvi na anayemfuga. Ndugu zetu mlio Ulaya mkimuona anauzwa ombeni hizo karatasi kabla ya bei, asipokuwa nazo ondokeni. Kinachobaki bila jibu ni kwamba hela ya hao waliozalishwa inabaki hukohuko, kijana wa Matombo anayeishi pembeni ya msitu hapati hata shilingi, na aliyekuwa anakamata naye alikuwa analipwa hela kidogo sana. Amani walishaonyesha kijiji kinaweza kufuga na kuuza kihalali, sioni kwa nini Kimboza wasijaribiwe, kwa kibali na usimamizi wa karibu, mikadi ipandwe upya kwanza.