Fisi Kauzwa na Kachori

Mtu asiyeijua kazi ya katuni za kuchora kwa mkono akiziona karatasi za rafu, anakuonea huruma. Mchoro mkuu ukiwa bado rafu hauna uso. Ni maduara matatu manne, mstari mmoja wa mgongo, na mikwaruzo ya penseli ya bluu kama kuku kapita na matope, basi. Pale unatafuta uzito wa mwili na mwendo wake tu; macho na manyoya yatakuja baadaye, pengine kwa mkono wa mtu mwingine. Lakini filamu yenyewe imo humo. Zikipotea hizo, umebaki na hadithi ya kusimulia kwa mdomo.

Sini yangu ilikuwa ya fisi wa njia panda, yule yule wa bibi zetu, aliyenusa nyama kulia, akanusa na kushoto, akataka kote. Sekunde nane. Fremu, yaani picha moja moja za filamu, ni 24 kwa sekunde, kila mchoro unapigwa picha mara mbili, kwa hiyo ni michoro 96. Mimi nachora ile mikuu tu: fisi ananusa, fisi anageuka, mguu mmoja unashika barabara ya Kilwa, mwingine wa Bagamoyo, mpaka anapasuka. Kila karatasi ina namba kwenye kona, imezungushiwa duara, na pembeni kuna kingazi cha vistari kinachomwelekeza msaidizi wangu, anayejaza michoro ya katikati: kati ya 41 na 49 weka mingapi, na wapi uibane.

Jioni umeme ukakatika. Kisanduku cha taa, kile kinachomulika karatasi kwa chini ili mchoro wa chini uonekane juu, kikageuka ubao wa kukatia vitunguu. Nikahamia uani kwa mama mwenye nyumba, nikamalizia kwa jua lililobaki, nikazipanga kwa namba, nikaweka tofali juu, nikaenda kulala.

Asubuhi tofali lipo. Karatasi hakuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umeamkaje?"

"Salama. Mama, nilikuwa na karatasi zangu hapa."

"Zile walizochafua watoto?"

Moyo ukafanya paa. Nikageuka barazani, na hapo mteja ananyanyuka na kachori zake tatu. Kiganjani mwake nauona mguu wa nyuma wa fisi, ule wa Bagamoyo, unatoka jasho la mafuta.

"Mama, ile ni kazi!"

"Kazi gani, baba? Mimi nimeona mtu kachora viazi." Akageuza andazi kwenye karai, akanitazama kwa upole ule wa kumtazama mgonjwa. "Mwenzio Hamisi yuko darasa la tatu, anachora fisi mpaka na meno. Akirudi shule nitamwambia akuelekeze."

Nikatoka na ndala zangu kutafuta wateja. Fundi cherehani wa ng'ambo alikuwa ameshakula, na karatasi namba 17 ameshaipatia shughuli: amekatia kola ya shati la shule kwa kufuata mgongo wa fisi. Akanionyesha. Kola imekaa vizuri, siwezi kusema uongo.

Namba 25 nikaikuta kwa mzee mlinzi wa ghala, ameikunjua gotini anaisoma huku anatafuna.

"Shikamoo babu. Samahani, hiyo karatasi ni yangu."

"Marahaba. Wewe ndiye umechora mbwa?"

"Ni fisi, babu."

"Fisi!" Akacheka mpaka makombo yakaruka. Akaifuta karatasi kwa mkono wa shati, mafuta yakazidi kusambaa, akaweka kidole chenye pilipili kwenye mgongo. "Fisi huku mbele yuko juu, huku nyuma yuko chini. Miguu ya mbele mirefu. Hata akisimama tu, unaona kama anapanda mlima. Huyu wako yuko sawasawa kama meza. Mimi nimechunga Kondoa, kijana, nimelala nao mlango wa zizi."

Nilitaka kumbishia, lakini mtu aliyelindia mbuzi gizani huwezi kumletea habari za picha za intaneti. Nikachukua karatasi, na kidole cha pilipili kikabaki alama pale pale pa kurekebisha.

Kwa dereva wa bodaboda ndiko nilikosota. Yeye namba 41 alikuwa ameikunja vizuri, kaiweka ndani ya kava la simu.

"Braza, hii nikupe kwa nini? Namba imezungushiwa duara. Na huu mkeka wa pembeni je?"

"Si mkeka. Ni mahesabu ya mwendo wa fisi."

"Ndivyo wanavyosema wote." Akainamia kile kingazi, akahesabu vistari kimoja kimoja. "Vinne viko juu, viwili chini. Nne mbili. Nani anacheza leo?"

Nikamweleza fremu, nikamweleza msaidizi. Akawaita wenzake kijiweni nao wasikilize. Mwishowe wakaipiga picha kwa simu zao wote, ndipo akanirudishia, na ahadi kwamba tukishinda atanikumbuka.

Ikabaki namba 57, pale fisi anapopasuka. Tangu dunia iumbwe fisi ndiye anakula mbuzi. Siku ile, nyuma ya msikiti, nimekuta beberu wa jirani amesimama ametulia, anatafuna fisi wangu kwa utaratibu, kuanzia mkia. Tukavutana. Nilichopata ni nusu, kifua na kichwa. Kwa hiyo fisi alipasuka kweli, na sijawahi kuchora kitu kikafuata hadithi kiasi kile.

Mwenye stesheneri akayatazama yale makaratasi, akaitazama mashine yake ya kuskani, akafunga kifuniko taratibu. Umeme kwangu bado. Msaidizi alipofika nikamwambia basi tena, tuanze upya. Yeye akachukua 25 na 41, akazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha, akaweka karatasi nyeupe juu. Mafuta yalikuwa yameingia mpaka ndani ya karatasi. Jua likapita, fisi wote wawili wakaonekana kwa pamoja, mstari kwa mstari, kuliko hata kwenye kisanduku changu siku umeme upo. Winsor McCay, mchora katuni wa kule Marekani, kwa filamu yake iliyotoka mwaka 1914 alimchora dinosaria wake kwenye karatasi nyembamba sana kusudi mchoro wa chini uonekane. Sisi tumefika huko kwa mafuta ya alizeti.

Mchana kutwa akachora dirishani bila kusema neno. Nikashukuru Mungu. Saa kumi akaniita.

"Kaka, hii namba 9 haijaiva, haionyeshi kabisa. Mwambie mama airudishe kwenye karai."