Hesabu Anazo, Mwembe Haujui

Kijana mmoja wa hapa Malindi amemaliza shahada ya hisabati, tena kwa daraja la kwanza, na sasa amejitia kusoma hisabati ya fedha: elimu ya kupima bei na hatari za masokoni kwa nadharia ya uwezekano. Mamake amenijia mimi, niliyemfundisha sekondari, akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu hapotezi wakati?" Sikuweza kumjibu pale pale.

Wanaomtia moyo wana hoja nzito. Hesabu ngumu ndizo zinazowaangusha wengi, naye ameshazivuka. Isitoshe, elimu hii imelelewa na wanahisabati tangu utotoni. Mwaka 1900 Louis Bachelier aliwasilisha tasnifu mjini Paris, akaeleza bei za soko kama mwendo wa kubahatisha, miaka 5 kabla ya Einstein kuandika juu ya mwendo kama huo wa chembe ndani ya maji. Miaka ya 1940 Mjapani Kiyosi Itô akaunda kalkulasi yake, hesabu za vitu vinavyobadilika kwa kubahatisha. Mwaka 1973 Fischer Black, Myron Scholes na Robert Merton wakaonyesha namna ya kupata bei ya opsheni, yaani haki ya kununua kitu baadaye kwa bei mliyokwisha kukubaliana. Naye Jim Simons, bingwa wa jiometria, alianzisha kampuni ya uwekezaji ya Renaissance Technologies mwaka 1982 na kuajiri wanahisabati na wanafizikia zaidi kuliko watu wa benki. Ndiyo maana husemwa kwamba mambo ya fedha utayajua ukiwa kazini. Ni kweli kwa kiasi: hati fungani, yaani hati ya mkopo inayouzwa sokoni, unaielewa alasiri moja, kalkulasi ya Itô haikuingii kwa mwezi.

Lakini mimi nimeona jambo lililonitia wasiwasi.

Agosti iliyopita nilifuatana na kijana huyo na mjomba wake, mchuuzi wa maembe, hadi shamba moja la Msabaha. Miembe ilikuwa imechanua. Mjomba aliuzunguka mti wa boribo mara mbili bila kusema neno, akakata shada la maua, akalisugua kwa vidole, akanusa, akatazama mawingu. Mvua ikinyesha wakati wa maua, maua hupukutika na matunda huingia madoa meusi. Kisha akamkabidhi mwenye shamba shilingi 500 za arabuni. Desemba akirudi, atatoa 4,000 na mti mzima ni wake kuchuma. Asiporudi, zile 500 zimekwenda.

Kijana wetu alikuwa ameandika kurasa kadhaa za milinganyo juu ya opsheni, na hakutambua kwamba ameiona ikifungwa mbele ya macho yake. (Arabuni ya namna hii wanavyuoni wa Kishafi huikataa, Wahanbali huikubali. Mwislamu anayetaka riziki katika kazi hii aujue mjadala huo mapema.)

Kanuni ya 1973 inataka vitu vitano: bei ya leo, bei ya makubaliano, muda, riba, na ukubwa wa msukosuko wa bei. Vinne vinaonekana. Cha tano hakionekani, hukisiwa, na ndicho mjomba alichokuwa akikitafuta kwa vidole vyake. Kanuni hiyo pia huchukulia kwamba unaweza kununua na kuuza kila dakika kadiri bei inavyosogea. Embe la mtini haliuziki hivyo, na hisa nyingi za Nairobi zinauzwa kwa nadra. Soko la mikataba ya bei za baadaye, NEXT, lilifunguliwa Nairobi Julai 2019, na bado ni dogo.

Anayesahau mambo haya huumia hata awe nani. Scholes na Merton walipata Nobel mwaka 1997 wakiwa washirika katika mfuko wa uwekezaji wa Long-Term Capital Management. Agosti 1998 Urusi ikasimamisha malipo ya madeni yake, na mwezi uliofuata benki 14 zikachanga takriban dola bilioni 3.6 kuuokoa mfuko huo. Walijua kuhesabu. Walitegemea mno takwimu za siku za utulivu.

Hata kwetu tumeliona. Mwaka mzima wa 2023 shilingi ilikuwa ikishuka polepole, na Januari 2024 dola ikafika karibu shilingi 160. Februari serikali ikauza Eurobond mpya, yaani hati fungani ya mkopo wa dola, ya bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile iliyokuwa ikiiva Juni, na shilingi ikapanda ghafla. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Waliokuwa wameficha dola majumbani wakisubiri 170 wanaijua siku hiyo.

Kwa hiyo naona aende, ila asianze na Itô. Aanze na mkataba, afuate takwimu, kalkulasi imkute humo. Na ajue kwamba kazi za hapa Kenya ziko zaidi kwenye idara za hatari za benki, bima na mifuko ya pensheni.

Mamake nimemwambia asimzuie. Kijana nimempa kazi moja kabla hajajaza fomu ya chuo: aandike bei ya dola ya kila siku tangu Januari 2023, aichore kwa mkono, na pembeni ya kila mruko aandike kilichousababisha. Jana alikuwa amefika Februari 2024.