Nafasi mbili za kadi zanitosha

Nimesoma makala ya kamera ya Nikon Z5II, mwandishi anasema imeachwa nyuma juu megapikseli ni 24 tu, sasa ndugu yangu, ni harusi gani Nairobi ishawahi kulilia pikseli? Wateja wangu wanaangalia picha kwa WhatsApp. Mimi cha kwanza nacheki ni nafasi ya kadi ya memori, hii iko na mbili za SD, Canon R8 iko na moja, na aliyewahi kupiga picha za ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) huko Limuru kadi ikagoma wakati bi harusi anafunuliwa leso anajua naongelea nini, nilirudisha depo yote na bado shangazi mtu akanisumbua kwa simu wiki mbili. Lakini pia tusidanganyane, video ya 4K ya fremu 60 kwa sekunde inakata picha pembeni, mara 1.5, kwa sebule ndogo ya Umoja utarudi nyuma mpaka ukuta ukuguse mgongo. Na wenye lenzi za zamani za AF-D kama 50mm yangu, adapta ya FTZ, ile ya kufunga lenzi za zamani kwa bodi hii, haisukumi fokasi, utazungusha na mkono. Ilitoka 2025 kwa dola 1,700 hivi bodi pekee, ushuru bado... wacha kamera yangu ya zamani, Nikon D750, isukume mwaka mwingine kwanza.