Mita 60 kutoka ziwa lipi?

Mgeni akifika pale Ujiji kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, mara nyingi hugeuka na kuuliza: sasa ziwa lenyewe liko wapi? Mwaka 1871, wale wawili walipokutana, maji yalikuwa karibu. Leo unashuka kwa miguu, unapita nyumba na mashamba, ndipo unaliona. Ziwa Tanganyika lilijaa mpaka mwaka 1878, likafumua uchafu uliokuwa umeziba mto Lukuga, mlango wake pekee wa kutokea, kisha likashuka kama mita 10 kabla karne haijaisha. Watu wakalifuata. Walijenga, wakalima, wakaanika dagaa pale palipoachwa na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa likarudi juu. Mwaka 2020 na 2021 likarudi tena, likaingia bandarini na majumbani.

Naanza na ziwa kwa sababu ya ubishi wa vijiwe vya kahawa vya Mwanga, hapa Kigoma, kuhusu fedha za nje za kujenga miji. Kigoma-Ujiji imekuwamo tangu mradi wa miji ya kimkakati wa mwaka 2010, tukiwa miji saba pamoja na Arusha, Mwanza, Mbeya, Tanga, Dodoma na Mtwara. Sasa upo TACTIC, mkopo wa Benki ya Dunia wa miji 45, Tabora nayo ikiwamo. Barabara za lami, mitaro, masoko, stendi. Lugha ya wafadhili ni "mji unaostahimili tabianchi". Lugha ya kijiweni ni fupi zaidi: wanatukopesha, wanatuchelewesha, na makaratasi hayaishi.

La kutukopesha lina uzito, na sitalipita kimyakimya. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya nchi tajiri, mwaka 2022 nchi hizo zilitoa na kuhamasisha dola bilioni 115.9 za kukabili mabadiliko ya tabianchi kwa nchi zinazoendelea, na katika sehemu iliyotoka serikalini na kwenye mabenki ya maendeleo, asilimia 69 ilikuwa mikopo. Yaani aliyechafua hewa anamkopesha aliyefurikiwa. Masharti ya mkopo wa Benki ya Dunia wa mradi ule wa mwaka 2010 yalikuwa laini kweli: miaka 40 ya kulipa, kumi ya kwanza bila kurejesha, na tozo ya asilimia 0.75. Lakini deni ni la fedha za kigeni. Mwaka 2010, kwa wastani, dola moja haikufika shilingi 1,500. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Kila dola milioni moja iliyokopwa wakati ule ilikuwa chini ya shilingi bilioni moja na nusu, ikawa zaidi ya bilioni 2.6, bila riba kuongezeka hata senti. Mchumi atanikumbusha kwamba bei na mapato ya kodi navyo vimepanda. Sawa, lakini mapato ya kodi hayapandi kwa sababu mtaro wa Gungu umejengwa.

Kwenye "wanatuchelewesha" ndipo ninapoachana na wenzangu.

Tuangalie kinachochelewesha. Si lami, si saruji. Ni mthamini kupita nyumba kwa nyumba, kuhesabu miembe na michikichi, kupiga picha kibanda cha mama lishe, kubandika majina kwenye ofisi ya mtaa, kusikiliza malalamiko, na fidia kulipwa kabla greda halijashuka. Taratibu za Benki ya Dunia zilizoanza kutumika mwaka 2018 zinamtambua hata mtu asiye na haki yoyote ya kisheria juu ya ardhi aliyoikalia. Ardhi hatalipwa, ila nyumba na mazao yake atalipwa na kuhama atasaidiwa, mradi alikuwapo kabla ya tarehe ya mwisho ya kuandikishwa.

Sasa weka hilo kando ya sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nia yake ni nzuri. Lakini mita 60 kutoka ziwa lipi? Ukipima kutoka maji ya mwaka 1878, sehemu ya Ujiji iko majini. Ukipima kutoka maji yalipokuwa yameshuka, mvuvi aliyejenga kwa uangalifu umbali wa mita 80 yuko halali kabisa, mpaka ziwa linyanyuke na kumkuta, naye aamke amekuwa mvamizi bila kusogea hata hatua moja. Hakuingia kwenye hifadhi. Hifadhi ndiyo iliyomwingilia. Na hatua inayofuata tunaijua sote: rangi nyekundu, herufi X ukutani, na tangazo la siku chache la kuhama.

Dar es Salaam wameonja pande zote mbili. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilibomolewa kwa hoja kwamba wenyewe ni wavamizi wa bonde, na hawakulipwa fidia. Miaka kadhaa baadaye ukaja mradi wa bonde hilohilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na watu wa Jangwani, ndani ya bonde, wakaanza kufanyiwa tathmini na kulipwa. Walilalamikia viwango, tena kwa haki. Lakini kulalamikia kiwango cha fidia na kusimama juu ya kifusi ni vitu viwili tofauti, na kilichobadilika hapo katikati si bonde. Ni masharti ya fedha.

Nisieleweke vibaya: si kila fedha ya nje ina masharti ya namna hii. Maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Tabora yalijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, ambao kwa kawaida hutaka sehemu kubwa ya bidhaa na huduma itoke India. Hilo nalo ni sharti, ila linamlinda mwenye kiwanda kule, halimlindi mwenye nyumba ya tope hapa. Ukweli mwingine ni kwamba watu wa Isevya na Kiloleni wakifungua bomba hawaulizi. Kwa mji ulioishi kwa kutegemea mabwawa, maji yaliyofika yana hoja yake.

Kuna na hili linalonikera kwa wafadhili wenyewe. Wanapenda barabara kuliko mitaro, kwa kuwa barabara hupigwa picha vizuri siku ya uzinduzi. Nenda Katubuka masika, uone maji yanavyokusanyika kwenye lile bwawa na kuzifuata nyumba. Kiwango cha kustahimili tabianchi kwa Kigoma kipimwe hapo kwanza, kabla ya kuhesabu taa za barabarani. Na mtaro ukishajengwa, fedha ya kuuzibua kila mwaka haimo kwenye mkopo.

Kwa hiyo anayesema tujenge kwa fedha zetu wenyewe namuunga mkono kwa sababu ya deni, ila ana swali la kujibu: mvuvi wa Katonga atalindwa na nini siku greda likija bila mfadhili nyuma yake? Kinachoitwa ucheleweshaji kinaweza kuwa utaratibu wetu, bila kumsubiri mtu wa Benki ya Dunia kutoka Washington. Madiwani wa Manispaa wanaweza kuagiza alama ya maji ya 2021 ichorwe mtaa kwa mtaa, wazee waonyeshe yalipofika, na kila kaya iliyo chini ya alama hiyo iandikwe kwenye daftari la mtaa pamoja na nyumba, miti na kaburi ilivyonavyo. Inatakiwa mthamini, mwenyekiti wa mtaa, na kopo la rangi isiyo nyekundu.