Bahasha ya kahawia na alama mbili za mdogo wangu

Bahasha ilikaa mezani siku tatu. Mdogo wangu alikuwa ameigeuza kifudifudi, kisha akaweka chupa ya chai juu yake. Wengi wetu hapa Uingereza tunaijua hofu hiyo: bahasha ya kahawia ikidondoka mlangoni, moyo unaanza kwenda mbio kabla hujasoma jina. Nilipoifungua nikakuta barua ya DWP, idara ya serikali inayolipa mafao: wanapitia upya maamuzi ya zamani ya PIP, malipo ya watu wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, likiwemo ombi lake la 2017 lililokataliwa. Huenda alistahili kulipwa, wanasema. Tukiona jambo hili linamhusu, tupige simu.

Sisi ndio tuone kama linamhusu!

Mwaka ule kwenye tathmini yao alipata alama 6, na malipo yanaanzia 8. Swali la kukutana na watu nalikumbuka vizuri kwa sababu nililijibu mimi. "Anaweza," nilisema, "mradi nipo naye." Mtathmini akampa alama 2, kwamba anahitaji kuhimizwa tu, akaenda swali linalofuata. Nami sikuona kasoro yoyote. Kwetu Tanga mtu hasimami mbele ya mgeni akahesabu anayomfanyia nduguye. Ukiulizwa nani anamtazama mgonjwa, unajibu "tupo", na mazungumzo yameisha.

Lakini hebu niseme sasa "nipo naye" maana yake nini. Siku ya daktari namwamsha saa mbili kabla, azoee wazo la kutoka nje. Pale mapokezi nasimama kushoto kwake, maana mtu akimjia upande huo anatetemeka. Yeye anashika mkono wa koti langu, anaukunja kwenye ngumi mpaka kitambaa kinajikunyata. Mimi nanong'ona kwa Kiswahili: mwambie tarehe yako ya kuzaliwa. Sasa jina. Sasa mtazame kidogo. Siku moja niliingia chooni, dakika tano hazikufika. Nilipotoka nikamkuta ng'ambo ya barabara, mvua inamnyeshea, miadi imepotea.

Chanzo cha barua hiyo ni hiki: tarehe 18 Julai 2019 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu kwenye kesi iliyotoka Scotland. Ilisema kuhimizwa kunaweza kuhesabiwa kuwa msaada wa kijamii, ambao una alama 4, ikiwa mhusika anahitaji himizo hilo litoke kwa mtu mwenye mafunzo au uzoefu wa kumsaidia kukabiliana na watu. Ndugu au rafiki anayemjua vizuri anaweza kuwa ndiye mtu huyo. Niliposoma hapo nililia. Toa 2, weka 4, mdogo wangu anafika 8.

Hesabu hiyo wangeifanya wao. Jalada wanalo, ripoti wanayo, na jibu langu limo humo neno kwa neno. Badala yake kazi ya kuanza wamemwachia mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe ni kushindwa kuongea na asiyemjua, na mlango waliomwonyesha ni simu. Mdogo wangu ana dada. Je, yule kijana anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga Bradford, bahasha yake ikikaa chini ya chupa, nani ataitoa? Huyo ndiye mwenye haki kubwa kuliko sote, na ndiye asiyeweza kujibu. Hili linaniuma kuliko pesa.

Nakubali, angalau wameandika. Mapitio yanagusa maamuzi ya kuanzia tarehe 6 Aprili 2016, na wameahidi kwamba hakuna atakayepunguziwa malipo kwa sababu ya kuangaliwa upya. Kwa hiyo jibuni. Na kwa sababu matapeli nao siku hizi wanaandika barua, namba ya simu itafuteni kwenye tovuti ya serikali kwanza.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Achana nayo, mwanangu, tusionekane ombaomba." Shikamoo, mzee wangu, lakini hapa sikubaliani nawe. Mdogo wangu alibeba maboksi zamu ya usiku miaka tisa, mshahara wake ukikatwa kodi kila mwezi, hadi alipougua. Na hata asingefanya kazi siku moja, PIP haiulizi ulichangia nini. Inaulizia hali yako.

Jana usiku tulikaa kuandika jibu, maana mimi nataka kila kitu kiwe kwenye karatasi na nakala ibaki kwangu. Niliandika habari za mapokezi, koti, na siku ile ya mvua. Nilipofika pa kueleza ni nani humsaidia na kwa muda gani, mkono ukagoma. Miaka yote hii sijawahi kuliandika. Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Akavuta karatasi upande wake, akachukua kalamu, akaandika polepole kwa herufi kubwa: DADA YANGU. TANGU 2014.