Surua Haiishii Kwenye Vipele

Huku kwetu kando ya Ziwa Viktoria, wazazi wengi huhesabu kwamba surua imekwisha pale vipele vinapokauka na homa kushuka. Dhana hiyo ni ya hatari, kwa sababu virusi vya surua vinaweza kuushambulia ubongo, na baadhi ya madhara yake hujitokeza wakati familia imekwisha kuusahau ugonjwa.

Takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaougua surua hupata uvimbe wa ubongo, aghalabu siku chache baada ya vipele kutokea. Homa hupanda upya, mtoto husinzia kupita kiasi, kisha hushikwa na degedege. Wengine hufa, na baadhi ya wanaopona hubaki na kifafa, uziwi au ulemavu wa akili. Degedege hiyo, ambayo wapo wanaoihusisha na mashetani, inataka hospitali siku hiyohiyo.

Ugonjwa unaonisikitisha zaidi ni ule ambao madaktari huuita kwa kifupi SSPE. Virusi hujificha ndani ya ubongo, na kwa kawaida miaka 7 hadi 10 baadaye, mtoto aliyekuwa akifanya vizuri darasani huanza kushuka, hubadilika tabia, viungo vyake hushtukashtuka bila yeye kutaka, na hatimaye hupoteza kauli na fahamu. Ugonjwa huu ni nadra, lakini hauna tiba ya kuuponya na karibu wote wanaoupata hufariki. Aliyeugua surua kabla ya kutimiza miaka 2 ndiye aliye hatarini zaidi. Mtoto wa namna hiyo ni rahisi kuchapwa kwa uvivu au kupelekwa kwa mganga, kwa kuwa hakuna anayekumbuka kuuliza kama aliwahi kuugua surua alipokuwa mchanga.

Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa bila malipo katika miezi 9 na tena miezi 18, ndiyo kinga dhidi ya yote haya. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika kwa urahisi: mtoto anatembea, ana afya, na mama huona kliniki imekwisha. Kwa familia za wavuvi zinazohamahama kati ya mialo ya Sengerema, Kome na Ukerewe zikifuata dagaa na sangara, kadi hubaki kambi moja na mtoto akawa kambi nyingine.

Kwa maoni yangu, mama asiye na kadi asirudishwe kamwe, na vikundi vya BMU, yaani vikundi vya jamii vinavyosimamia uvuvi mwaloni, ambavyo tayari vinawafahamu wavuvi wa mwalo, vipewe jukumu la kuiarifu zahanati kila familia ngeni yenye watoto inapofika. Mtoto wa miezi 6 aliye kambini hajafikia umri wa kuchanjwa kwa ratiba ya kawaida, na usalama wake unategemea kuchanjwa kwa wakubwa wanaomzunguka.